Breneki wa Buyenzi

Jumapili ile asubuhi Raihana alimkuta mumewe anapiga viatu rangi, akajua kuna uongo umeingia nyumbani.

Shakuru alikuwa fundi wa pompe, zile pampu za mafuta za magari ya mazuti, hapo hapo mtaani Buyenzi, na viatu vyake havikujua rangi nyingine ila grisi. Tena siku ile hakuwa na safari. Wageni ndio waliokuwa wanamjia. Baada ya sala ya alasiri Mzee Sulemani, muuza vipuri, angefika na ndugu zake kumposa Houda, binti wa pekee wa nyumba ile, kwa ajili ya mwanawe Anouar. Mikeka ilikwisha kusuguliwa na kuanikwa. Nyama ilikuwa jikoni, vikombe vya kuazima vimepangwa juu ya kabati, na Houda mwenyewe alikuwa kwa shangazi yake anapakwa hina.

"Unaenda wapi, Baba Houda?"

"Kwa kinyozi."

"Kinyozi wako anakata nywele za miguu?"

Shakuru alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango ulipo, akasema mwanamume hawezi kupokea posa na kichwa kama fagio la mwaka jana. Akaondoka anakanyaga pembeni pembeni mwa barabara ili asichafue vile viatu. Raihana alibaki na mwiko mkononi. Alitaka kumfuata, lakini sufuria haiachwi peke yake, na tena Shakuru alikuwa ameapa. Ijumaa, alipotoka msikitini, aliweka mkono juu ya meza ya chakula akasema hataenda. Raihana alikuwa ameamua kumwamini, maana kutomwamini kungemchosha zaidi.

Kilichokatazwa hakikuwa pombe wala mwanamke. Kilikuwa sataranji, na fainali ya nchi ilikuwa Jumapili hiyo hiyo. Mzee Sulemani alikuwa ametuma maneno kwa mshenga, Bi Assia, kwamba msichana anampenda, adabu yake ameiona, ila baba yake anacheza. Kaka mkubwa wa Sulemani aliwahi kuiuza nyumba ya baba yao kwenye karata, na tangu hapo kwa Sulemani kete yoyote ni kamari, iwe na fedha ama isiwe nayo. Hakutaka mengi. Alitaka kabla fatiha haijasomwa, Shakuru aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba ameuacha mchezo.

Houda, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemsubiri Anouar tangu anahangaika Uvira na biashara ya vipuri hadi aliporudi kushika duka la baba yake. Kwa mama yake alisema jambo moja tu: "Mama, mi siombi Baba aache. Naomba awepo."

* * *

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamume mzima anaweza kudanganya juu ya kinyozi, lazima ajue habari za Breneki.

Zamani, kabla ya vita vya mwaka wa tisini na tatu, kulikuwa na Mjerumani fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha Zone Industrielle. Shakuru, kijana bado, alikuwa msaidizi wake. Wakati wa chakula cha mchana Mjerumani alimfundisha sataranji juu ya pipa. Mambo yalipoharibika aliondoka haraka, akamwachia Shakuru sanduku la spana na kitabu kimoja. Kitabu kilikuwa cha Kijerumani, na Shakuru shule yake iliishia darasa la sita kwa Kifaransa cha kubahatisha. Lakini mchezo wa sataranji ukiandikwa ni herufi na namba za vyumba vya ubao, na hizo haziulizi kabila la mtu. Akazisoma.

Kitabu chote kilikuwa cha mchezaji mmoja, Ewald Brenneke, wa wakati ule Wajerumani walipokuwa bado wanatawala hapa na mji huu ukiitwa Usumbura. Jalada lilikuwa na picha yake: masharubu kama brashi ya chupa, kola inayomkaba, macho yanatazama kando kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka nje ya picha. Mbele ya michezo ya kila mashindano paliwekwa jedwali la washindani, na kutoka kwenye majedwali hayo Shakuru alimjua Breneki kuliko alivyowajua shemeji zake. Katika mji mmoja alikuwa wa tano. Katika mwingine wa nane. Mwaka mwingine wa saba, tena wa saba. Mara moja tu alikuwa wa tatu, na mwaka huo, Shakuru alisema, alicheza kama mtu aliyeacha amani nyumbani. Mara moja alimshinda bingwa wa dunia, na kitabu kikaweka nyota pembeni ya mchezo ule. Mji uliofuata akawa wa tisa. Hakuwa mkubwa. Lakini hakuna aliyemfunga kwa urahisi. Alirudi nyuma, akajikunja, akasubiri mwenzake achoke.

Jedwali la mwisho lilikuwa la mwaka wa kumi na nne, na nusu ya vyumba vyake vilikuwa vitupu. Vita vya kwanza vya dunia vilizuka katikati ya mashindano. Baada ya hapo kitabu hakikuwa na kitu. Shakuru aliamini Breneki alikufa kwenye mahandaki, na kila alipofika kwenye jedwali lile alifunga kitabu akasema inna lillahi. Raihana alimkemea: kafiri wa watu, unamwombea nini?

Watu wa gereji ndio walianza kumwita Shakuru mwenyewe Breneki. Raihana hakupenda. Yeye Breneki alimwita mke mwenza. "Mke mwenzangu hali wali wangu," aliwaambia wanawake kisimani, "havai kitenge changu, lakini analala ndani ya kichwa cha mume wangu." Wanawake walicheka. Yeye alicheka pia, lakini si sana.

Gereji ilikuwa ndiyo shule. Siku hizo mafuta yalikuwa haba mjini, magari yamelala, pompe hazina wa kuzitengeneza, na mafundi walicheza kuanzia asubuhi. Saa yao ilikuwa saa mbili za mezani zilizofungwa kwenye kipande cha ubao, na kijiti katikati cha kuzisimamisha zote. Sheria yao moja haikuvunjwa hata siku mgomvi alipocheza na mgomvi mwenzake: adhana ikilia, anayewaza anasimamisha saa, wawili wanapeana mkono ili kesho mtu asikane kete zilikuwa wapi, wanakwenda kusali. Mugisho, Mkongomani wa Bukavu muuza matairi, ambaye Jumapili alikwenda zake kanisani na hizo siku nyingine hakwenda popote, alibaki analinda ubao dhidi ya kuku. Wakirudi wanaanzia pale pale. Miaka mingi ilikuwa hivyo. Mkono wa Shakuru ulizoea kuliko yeye mwenyewe.

* * *

Adhuhuri ilipita, Shakuru hakurudi. Raihana alimwachia mdogo wake sufuria, akafunga ushungi, akaenda kwa kinyozi.

Kinyozi alizima mashine, akamtazama kwa huruma. "Baba Houda? Huyo sijamunyoa tangu Ramadhani, Mama. Leo si fainali? Batu bote ba gereji beko Mutanga Nord."

Kwa hiyo hata kinyozi alijua. Raihana alisimama barabarani akitafuta chombo cha kumpeleka. Tukutuku za magurudumu matatu zilikuwa kwenye foleni ya mafuta, zimepangwa kama siafu hadi kona ya tatu, na madereva wamelala ndani na miguu nje. Alitembea mpaka jasho likamshuka mgongoni, akapata gari la mtu aliyekuwa anakwenda upande huo, akateremshwa kabla ya kufika, akatembea tena. Njiani alikuwa anapanga maneno. Alipanga makali, akayaona hayatoshi, akapanga mengine.

Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa shule moja. Mlangoni kijana mwenye kadi shingoni alimwambia azime simu. Raihana alisema ndiyo. Hakuizima. Houda angeweza kupiga, wageni wangeweza kuwahi, mdogo wake angeweza kuunguza wali. Aliitumbukiza ndani ya mkoba, akaingia.

Alitarajia kelele. Akakuta kimya kama cha msibani, watu wamesimama ukutani, na katikati meza moja. Upande mmoja alikaa Fabrice, mhandisi kijana wa hapo hapo Mutanga Nord, bingwa wa mwaka uliopita, shati jeupe, vidole vyembamba. Upande wa pili alikaa mumewe.

Mugisho akasogea, akamnong'oneza sikioni kwa pumzi ya karanga. "Mama Houda, leo njo leo. Papa anamumaliza huyu mutoto. Akishinda hii iko bingwa wa inchi. Breneki wa kwanza! Hakuna tena wa tano, hakuna wa nane."

"Wageni wanakuja kwangu," Raihana alisema.

"Bageni batangoja. Angalia tu ile uso."

Aliangalia. Shakuru alikuwa amekaa kama anavyokaa injini inapougua, shingo imeinama upande, anasikiliza kitu ambacho wengine hawakisikii. Hakuwa mzee wa kuazima vikombe. Hakuwa mtu ambaye Mzee Sulemani anaweza kumtumia mshenga na masharti. Ukumbi mzima ulikuwa unangoja mkono wake. Raihana alikuwa amekuja kumshika mkono wa shati na kumtoa; miguu ikakataa. Alijiambia, kidogo tu. Asogeze hiyo moja, kisha nitakwenda.

Fabrice alisogeza mnara, akabonyeza saa. Hata Raihana, asiyejua kitu, aliona kijana yule jasho limemlowesha kola.

Na ndani ya mkoba wake adhana ya alasiri ikalia.

Ilikuwa simu. Houda ndiye aliyemwekea, sauti ya muadhini wa mbali, nzuri, ya juu kabisa. Raihana alifungua mkoba akakuta leso, akakuta funguo, akakuta sabuni, hakukuta simu. Kila uso uligeuka. Kila uso isipokuwa mmoja. Shakuru, bila kuinua macho kutoka kwenye ubao, alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha katikati cha ile saa ya kisasa. Saa ikasimama. Kisha akasimama yeye.

Fabrice alimtazama, akatazama saa, na polepole akatoa mkono. Shakuru akaupokea, akautikisa vizuri, kama kule gereji.

"Tunarudi baada ya sala," alisema.

Mtu mmoja alicheka. Wakafuata wengine. Mwamuzi, bwana mmoja mpole aliyeitwa Sylvère, alikuja na karatasi yake, akasema kwa sauti ya kumwelekeza mgonjwa: "Mzee, umesimamisha saa. Umepeana mkono. Hiyo ni kukubali kushindwa. Partie imekwisha, mchezo umekwisha."

"Apana. Ni adhana."

"Hapa si gereji, Mzee."

Shakuru alimgeukia Fabrice. Kijana alikuwa anatazama meza, anapanga kalamu yake sambamba na ukingo wa karatasi, na hakuinua uso. Mugisho alianza kupiga kelele kwa Kiswahili na kwa Kishi cha kwao, akasema huo ni wizi, mukono haukuwa wa kushindwa, hata kuku anajua. Akaombwa atoke.

Raihana alikuwa ameipata simu. Alisimama nayo imezimika mkononi, na kilichomtisha si vicheko. Kilichomtisha ni kwamba moyo wake, mara moja, ulikuwa umefurahi. Kidogo tu, kama mtu anayeona mvua imeanza nguo zake zikiwa zimekwisha kuanuliwa.

* * *

Mugisho aliwatafutia tukutuku yenye mafuta, yeye akatangulia na rafiki yake mwenye pikipiki. Kwenye kiti cha nyuma mume na mke walikaa magoti yamegusana.

"Ilikuwa simu yangu," Raihana alisema mwishowe.

"Najua. Ile sauti mi naijua."

Alingoja. Angependa agombwe, kugombwa kuna mwisho. Shakuru alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nyama umeachia nani?" aliuliza.

"Dada."

"Dada yako anatia chumvi mingi."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake, na Raihana aliibeba hadi nyumbani.

* * *

Habari zilikuwa zimewapita njiani. Mugisho kafika kabla, na mdomo wa Mugisho hauna breki. Walipoingia, wageni walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka, na Mzee Sulemani, mtu mkubwa mwenye kanzu ya pasi na goti bovu, alijiinua kwa shida akamkumbatia Shakuru mbele ya watu wote.

Alisema amesikia. Alisema yeye alikuja na neno zito kinywani, sasa halina haja tena. Mtu alikuwa na ubingwa wa nchi mkononi, nusu ya kidole, akasikia anaitwa na Mola wake akamwacha mfalme wa mti juu ya meza, akasimama. Akawageukia ndugu zake akawauliza kama wanamjua mwingine. Wazee wakasema mashallah. Bi Assia akapangusa jicho. Nyuma ya pazia Houda, mikono imewiva hina, alimshika mama yake kidole na kukibana.

"Hakuna sharti," alisema Sulemani. "Mtu kama huyu simuwekei sharti. Tusome fatiha."

Raihana aliuona mlango umefunguka wote. Hakukuwa na cha kufanya ila kuingia. Alimtazama mumewe kupitia pazia, akamwomba kwa macho: nyamaza, Baba Houda, mara moja tu katika maisha yako, jikunje, usubiri.

Shakuru alikohoa.

"Mzee Sulemani. Si hivyo."

"Si hivyo nini?"

"Sikumuacha mufalme kwa ajili ya Mungu. Ni mukono. Gereji tunasimamishaka saa kila adhana, mukono umezoea, ukaenda peke yake. Mi mwenyewe sikuwa nawaza sala. Nilikuwa nawaza farasi. Na nilikuwa nataka kurudi kumaliza."

Shakuru hakusema kwamba adhana ilitoka ndani ya mkoba wa mkewe. Raihana alingoja aseme, maana jambo lile lingemgeuza kutoka mjinga kuwa mtu aliyeonewa. Hakusema.

Ndugu mmoja wa Sulemani alianza kutafuta kofia yake. Sulemani alimzuia kwa mkono. Alikaa tena, goti likalia, akamtazama Shakuru muda mrefu kama anavyotazama kipuri ambacho hajui ni halisi au cha kuigiza.

"Ungenyamaza," alisema, "ningekupa kila kitu."

"Najua."

"Basi lile neno langu limerudi. Sema hutagusa tena zile kete. Sema hapa."

Raihana alisikia kidole chake kimeachiwa. Houda alikuwa amesogea hadi kwenye pazia, na pengine angetoka, pengine angesema neno la kuvunja kila kitu. Lakini baba yake alikuwa tayari ameanza. Aliyasema maneno yale kama alivyopewa, hakuongeza, hakupunguza: sitagusa tena zile kete. Aliinua mikono, na fatiha ikasomwa.

Pilau ilikuwa na chumvi nyingi. Wote waliisifu.

* * *

Siku zilizofuata Shakuru hakuweza kutulia. Alichokonoa pompe zilizokwisha kupona. Alitoka hadi barabarani, akarudi, akasahau alichotokea. Gereji walipoanza kucheza aliketi akiwapa mgongo, na kutokana na mlio wa kete alijua nani anakosea, akawa anauma meno. Ubao wake na kitabu Raihana aliviweka juu ya kabati, nyuma ya vile vikombe ambavyo havijarudishwa. Ilimshangaza kwamba nyumba imekuwa pana. Mke mwenza alikuwa ameondoka, na hakuna aliyepiga vigelegele.

Alasiri moja kijana alisimama mlangoni, suruali imerushiwa matope hadi magotini. Ilibidi aulize njia mara nyingi. Alikuwa ameuliza kwa Breneki, watoto wakamleta. Raihana alimtambua kwa vidole.

"Karibu," alisema, kwa sababu hilo ndilo neno, lakini hakusogea.

Fabrice alisalimia kwa mikono miwili. Kisha, hapo hapo kizingitini, kama mtu aliyebeba mzigo hadi hapo na hawezi hatua moja zaidi, alimwambia Shakuru aliyekuwa ndani: "Mzee, ile siku mkono wangu ulikuwa wa kukubali. Mimi ndiye nilikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nakupa partie. Halafu arbitre akasema ni we umekubali, nikanyamaza."

Shakuru aliinua uso. "Uliona farasi?" aliuliza.

"Niliona hatua mbili mbele. Ya tatu sikuiona. Tangu siku ile silali. Nimekuja unionyeshe."

"Mi sigusi kete. Nimeapa."

Kijana aliinamisha kichwa. Angeondoka. Raihana aliona mabega yake yanageuka, akaona na mumewe anavyoangalia yale mabega, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amepanda kwenye kigoda, anasogeza vikombe vya watu, anateremsha ubao. Akauweka mezani mbele ya Fabrice.

"We panga," alimwambia. "Zako na zake. Yeye ana mudomo."

Shakuru alimtazama mkewe. Kisha akaingiza viganja chini ya mapaja yake, akavikalia.

Raihana akaenda mlangoni. Mzee Sulemani alikuwa amesema angepita wiki ile kuleta siku ya ndoa, na kiapo ni kiapo, lakini macho ya mtu husoma yanavyotaka. Alisimama anatazama barabara. Nyuma yake Shakuru alikuwa anasema kwa sauti ya chini, farasi kule, apana, kule, mnara wako urudi, sasa askari huyu, na kete zikawa zinalia chini ya vidole vya mgeni. Fabrice naye, akiwaza, alikuwa anasema alichokileta. Alikuwa amemtafuta Breneki kwenye intaneti. Yupo, mistari michache tu. Hakufa vitani.

Sauti ya Shakuru ilikatika. "Hakufa?"

"Alirudi. Akaoa. Baba mkwe alikuwa na duka la miamvuli, akalishika yeye. Hakuingia tena mashindano hata moja. Ila walisema alikuwa anaandikia gazeti, kila wiki, kusahihisha michezo ya wengine. Mpaka uzee."

"Alicheza kwa mudomo," alisema Shakuru polepole.

"Naona hivyo, Mzee."

Raihana alisikia mumewe anavuta pumzi puani, na hakugeuka, ili asimwone.

"Na yule muke," aliuliza akiwa bado anatazama barabara. "Anaitwa nani?"

Fabrice alitoa simu, akapandisha maandishi kwa kidole, akayashusha. "Haikuandikwa, Mama."

"Tafuta vizuri."

Alitafuta tena. "Wameandika tu, akaoa."

Raihana alitikisa kichwa, kama mnunuzi aliyetajiwa bei aliyokuwa ameitarajia. Wakati huo huo gari jeusi la Mzee Sulemani, moja ya yale machache yaliyokuwa bado yanatembea Buyenzi, likakata kona, likaja linayumba taratibu kati ya mashimo.

Ndani, Shakuru alikuwa anasema: "Sasa. Hii njo ya tatu. Angalia."

Raihana alifunga ushungi vizuri, akatoka. Hakumngoja mgeni mlangoni kama inavyopasa. Alikwenda kumpokea barabarani, kwenye mlango wa gari lenyewe, kabla hajateremsha goti lake bovu. Akamwamkia. Akamuuliza hali. Akamuuliza goti, na dawa ya goti, na yule mganga wa Kajaga aliyelikanda goti. Akamuuliza mama Anouar, na presha yake. Akamuuliza watoto waliobaki Uvira, mmoja mmoja kwa jina, na wake zao, na wajukuu. Akamuuliza duka, na mzigo uliokwama mpakani, na jirani aliyefiwa. Mzee Sulemani, mtu wa adabu, alikaa nusu ndani nusu nje ya gari akajibu yote, moja baada ya moja, alhamdulillahi, alhamdulillahi, na kila alipodhani yamekwisha Raihana alipata mwingine wa kumuulizia.

Alikuwa anamuulizia shemeji wa marehemu aliposikia, kupitia dirisha lililo wazi nyuma yake, mlio mdogo wa mti juu ya ubao: mfalme analazwa chini na aliyeshindwa. Kisha kiti kikasogea, na kijana akasema, "Nipe mkono, Mzee."

"Karibu ndani sasa," alisema Raihana. "Chai ipo."